Kimya Kikuu cha Plum Creek

Ijulikane kwa mataifa yote, kwa wafalme na kwa wakulima, na kwa yeyote apitaye barabara ya kaunti akaona mashamba matupu yenye tope akadhani hapa hakutokei jambo: Jumapili ya pili ya mwezi Machi, Marafiki wa Plum Creek, katika jimbo la Iowa, wakiwa wameketi mbele za Mungu katika kimya kizito kuliko vyote vinavyokumbukwa, waliafikiana kwa moyo mmoja, pasipo sauti hata moja ya kupinga, kumtambua Lorna Pickett kuwa mhudumu wa kiroho miongoni mwao.

Nilikuwepo. Wengi wao walikuwa wamelala.

Mimi ni Tamsin Coppock, mwanafunzi wa shule ya bweni ya Marafiki iliyo ng'ambo ya kijito, na Lorna ni mama yangu mdogo. Wazazi wangu wanafundisha Bolivia. Siku za wiki nalelewa na kengele ya bweni; wikendi nalelewa na mama mdogo pamoja na mkewe, Ximena, ambaye namwita Tía, yaani shangazi kwa lugha ya kwao.

Siku hiyo nilikuwa zamu ya kahawa, na zamu hiyo ni adhabu. Kabla ya Krismasi nilificha saa za jikoni chini ya mabenchi ya nyumba ya ibada, nikazitega zilie moja baada ya nyingine katikati ya kimya. Nilitarajia fujo. Ya kwanza ilipolia, watu walitulia zaidi. Ya tatu ilipolia, mzee mmoja alisimama akahubiri kwa machozi juu ya kukesha. Marafiki ndivyo walivyo: warushie jiwe, watakushukuru kwa ujumbe. Mwalimu wangu wa bweni peke yake ndiye aliyeinama kuangalia chini ya benchi. Akanihukumu kupika kahawa ya kila mkutano wa mwezi mpaka nihitimu.

Sisi Marafiki wa huku, ambao wengine hutuita Wakweka, hatuna padri wala mimbari. Tunakaa kimya, na aliyeguswa husimama akasema. Kura pia hatupigi. Jambo likiletwa, tunakaa nalo kimya; karani anausikiliza mkutano unaelekea wapi, anaandika azimio, analisoma, anauliza kama tumeafikiana. Wakiafiki wote, limepita. Akisimama mmoja akasema, "Siwezi kuungana nanyi," limekwama, hata kama wengine wote wameafiki kwa machozi. Linarudi mwezi ujao. Ni utaratibu mzuri sana kwa watu wasio na haraka ya kufa.

Jambo la Lorna limekuwa likirudi mwezi ujao tangu mimi nikiwa na meno ya utoto. Na aliyekuwa akisimama siku zote ni mmoja, mzee Elwood Mendenhall, mkulima wa soya.

Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Theluji ikianguka, huja na trekta yake kusafisha njia ya kwetu kabla hatujaamka. Mkewe, Verna, alifia hospitalini anakofanya kazi mama mdogo. Kazi ya mama mdogo ni kukaa na wanaokufa, na kukaa na wanaoachwa, na alikaa na Verna mpaka mwisho. Mwezi uliofuata jambo likaletwa tena. Mzee Elwood akasimama, kofia mkononi.

"Lorna alimshika Verna mkono mpaka mwisho," akasema, "na sitalisahau mpaka mwisho wangu. Lakini mwanamke aliyeoa mwanamke, siwezi kuungana nanyi kumwita mhudumu."

Akakaa. Mama mdogo akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi halitakuja leo pia.

Sasa hospitali haimweki mtu wa kazi ile asiyetambuliwa na watu wa dini yake. Mkutano wa mjini uliokuwa umemtambua zamani ulifungwa kwa kukosa watu. Hospitali ilimvumilia, ikamvumilia, halafu ikamwambia: mwisho ni Pasaka. Kwa hiyo Machi ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Asubuhi ile alikuwa jikoni akimenya viazi vya kupeleka kwenye chakula cha pamoja, bado amevaa nguo za zamu ya usiku. Tía alimnyang'anya kisu, akaendelea yeye.

"Leo usiseme kitu," Tía akamwambia. "Kaa tu."

"Kwani huwa nasema nini? Nimeyaeleza maisha yangu mpaka yananichosha mwenyewe. Nikianza sentensi, karani Winifred anaweza kunimalizia."

"Na likikwama?"

"Tunahamia kwa dada yako mjini Tucson. Nitatafuta kazi kwenye duka la dawa."

"Wewe na duka la dawa. Utamkalisha kila mteja mpaka alie."

"Angalau atakuwa na risiti."

Hawakucheka. Walikuwa wanataniana kama watu wanaosukuma gari lililozimika, mmoja akichoka mwingine anashika. Nikamuuliza mama mdogo kwa nini asiende tu kwa Walutheri pale njia panda, ambao wangempokea kesho yake asubuhi na hata kumpigia kinanda.

"Kwa sababu mimi si Mlutheri, mwanangu. Mimi ni Rafiki. Sijui kusali kukiwa na kelele."

"Na mzee Elwood, humchukii?"

Akafikiri. Alikuwa anafikiri kweli, si kutafuta jibu zuri.

"Kuchukia kunataka nguvu," akasema. "Mimi nimekuwa kama mtu aliyeshikilia mlango wazi, ndani kuna baridi, na walio nje hawajaamua kama wanaingia. Sina hasira nao. Mkono tu ndio unauma."

Hapo ndipo mimi, Tamsin Coppock, nilipoamua kuingilia kati mambo ya Roho Mtakatifu.

Nilikuwa nimemchunguza adui. Mzee Elwood hufumba macho kimya kinapoanza na huyafumbua azimio linaposomwa. Na kabla ya hapo, kila mwezi, huwa na kikombe chake kikubwa cha bati kilichojaa kahawa. Anakunywa kama trekta inavyokunywa dizeli. Hesabu ilikuwa rahisi. Mnyime mzee kahawa, mshibishe, mpashe joto, na macho yaliyofumbwa kwa sala yatabaki yamefumbwa kwa sababu nyingine.

Kabatini kwenye jiko la nyumba ya ibada kulikuwa na kahawa ya kawaida, kopo la kahawia, na kwa nyuma makopo mawili ya kijani ya kahawa isiyo na kafeini, ambayo niliamini yamewekwa kwa ajili ya wageni wa madhehebu mengine. Nikayamimina yote mawili kwenye birika kubwa la umeme. Kisha nikapandisha joto la ukumbi kidogo. Kidogo mara mbili.

Watu wakaja na vyakula vyao. Kulikuwa na paja la nguruwe, viazi vyetu, maharage mabichi yaliyookwa kwa uyoga, pai za tufaha, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna anayeipenda na hakuna aliyesimama kuipinga, kwa hiyo nayo inarudi kila mwezi.

Mzee Elwood akafika kwenye birika na kikombe chake.

"Binti, kahawa yako leo ina rangi ya woga."

"Imetulia, mzee. Ni kahawa ya ibada."

Akaonja. Akanitazama. Akaonja tena.

"Hm," akasema. "Si mbaya." Akajaza kikombe mpaka ukingoni. Nikamkatia kipande cha pai kipana kama sahani yenyewe, nikajiona kama waziri anayemlisha sultani sumu.

Tukaingia. Winifred Thornburg, karani wetu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akakaa mezani pake mbele. Amezeeka juu ya ajenda hiyo hiyo. Zamani alikuwa akilileta jambo la Lorna kwa maneno ya kutia moyo, siku hiyo alivua miwani, akafuta, akasema tu, "Tuna jambo moja. Mnalijua. Tukae nalo."

Tukakaa nalo.

Kwanza kilikuja kimya cha kawaida, cha watu kukohoa na kupanga makoti. Halafu kikaja kingine. Orville Stanfield, aliyekuwa dalali wa ng'ombe mpaka sauti ikamwisha, aliinamisha kichwa. Waliokaa nyuma yake wakafuata, mmoja mmoja, kama mahindi yanavyolala upepo ukipita. Bomba la joto lilikuwa linanong'ona. Mtu akakoroma, kwa heshima. Nikaangalia mbele nikaona Winifred naye kalamu imemsimama mkononi na kidevu kimeshuka. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu. Mpango wangu ulikuwa wa mzee mmoja. Nilisahau kwamba birika ni la kanisa zima.

Mzee Elwood alikuwa pembeni ya dirisha, macho yamefumbwa, kidevu kifuani. Nikamshukuru Mungu, kisha nikaomba radhi kwa kumshukuru.

Mama mdogo peke yake hakulala. Hakuwa amekunywa chochote. Alikaa na viganja wazi mapajani, anatazama sakafu.

Lori likapita barabarani, dirisha likatetemeka, Winifred akashtuka. Akatutazama. Akaona nyuso zote zimelegea, mabega yameshuka, hakuna aliyekunja uso, hakuna anayepanga hotuba. Nikaona macho yanamjaa machozi. Ukiwa umeongoza mikutano ya ugomvi kwa miaka, halafu siku moja ukafumbua macho ukaiona amani, huulizi imetoka kwenye kopo gani.

Akasimama, akasoma taratibu. "Tunakitambua kipawa cha huduma alichopewa Lorna Pickett. Tunamtuma, na tunamshika mkono, yeye na nyumba yake." Akashusha karatasi. "Marafiki, tumeafikiana?"

Sauti zikaja kutoka vilindini, moja huku, moja kule. "Naafiki." "Naafiki." Orville akasema, "Naafiki," bila kuinua kichwa.

Winifred akamgeukia mzee Elwood. Akangoja. Kwetu huwezi kumuuliza mtu aliyefumba macho kama amelala. Huenda yuko mbali kuliko wewe. Akangoja zaidi. Mzee hakutikisika.

"Basi azimio limepita," Winifred akasema, na sauti yake ikapasuka katikati.

Nje, kwenye kokoto za maegesho, watu walishikana mikono wakiwa bado na usingizi usoni. "Kimya cha namna ile sijakisikia tangu ujana wangu," mama mmoja akasema. "Nilihisi mwili mzima umekuwa mzito," akasema mwingine. "Kama nimewekewa mkono kichwani." Nikakubali kwamba ni ajabu kweli.

Nilimtafuta mama mdogo nikidhani atakuwa anaruka. Alikuwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, amevua viatu. Tía alikuwa anamsugua nyayo.

"Unajua kitu, Tamsin?" akasema. "Miaka yote hii wananivumilia. Leo hawakunivumilia. Walitulia pamoja nami. Sikujua nimeubeba mwili wangu kwa nguvu kiasi hiki mpaka nilipoutua."

Akamwegemea Tía, na kabla hajamaliza kusema atanipikia chochote nitakacho, akalala. Usingizi wake ndio pekee uliokuwa wa halali siku hiyo. Nikarudi jikoni kuosha birika.

Mzee Elwood alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Mbele yake, mezani, yalisimama makopo mawili ya kijani, matupu.

"Kaa," akasema.

"Nina vyombo, mzee."

"Vyombo havina miguu. Kaa."

Nikakaa.

"Haya ni yangu," akasema, akagonga kopo moja kwa ukucha. "Daktari aliniondolea kahawa ya kweli tangu moyo ulipoanza kunikorofisha. Verna alikuwa anawahi kunipikia hii kabla watu hawajafika, nisionekane mgonjwa. Siku hizi najipikia mwenyewe. Leo nakuja nakuta matupu. Nikasema basi, leo nakaa mkavu. Halafu nikaonja ya kwako." Akakunja midomo. "Hiyo ladha ya kadibodi naijua."

Ndani ya kichwa changu hesabu ile rahisi ikaanza kujipanga upya, na haikunipendeza.

"Kwa hiyo, mzee, hukulala."

"Nilale kwa nini? Mimi nimezoea. Mle ndani tulikuwa macho mimi, Lorna, na wewe unayejifanya unasali."

"Sasa mbona hukusimama?"

Akalizungusha kopo.

"Nilifumbua macho kidogo, nikaona kondoo wote chini. Nikacheka moyoni. Halafu nikamwona yeye. Hakujua namtazama. Alikuwa amekaa vile vile alivyokaa na Verna, mikono wazi, haombi kitu. Nikasema, Elwood, lile neno lako liweke tayari. Nimelisema muda mrefu, linajua njia lenyewe. Winifred akasoma, nami nikalingoja. Halikuja." Akainua mabega. "Mtu atasimama aseme nini, kama neno halijaja? Nikafumba macho."

"Basi limepita," nikasema haraka. "Limepita kweli. Wengine wote wanaafiki tangu zamani."

"Orville alisema naafiki. Kamuulize. Atakuambia alikuwa mnadani, ananunua fahali."

"Mzee, tafadhali. Kwa nini waulizwe tena?"

"Sisi mahakamani hatuapi, Tamsin. Babu yangu alikubali kufungwa kuliko kuapa, kwa sababu ndiyo yetu inatosha yenyewe. Nimemnyima yule mwanamke ndiyo kwa miaka, lakini sijawahi kumpa ya uongo. Hastahili kupewa ndiyo ya kahawa."

"Wakiulizwa tena, nawe utaulizwa."

"Hapo ndipo uliponiharibia. Nilikuwa nimeshapita kwa mlango wa nyuma, hakuna aliyeniona." Akasimama, akashika meza kwanza. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa kwenye birika.

"Na ukisimama, lile neno likirudi?"

"Ndiyo hatari yenyewe," akasema. "Twende."

Huku kwetu watu wakiagana hawaondoki, kwa hiyo walikuwa bado wamesimama kwenye milango ya magari yao wakiagana. Mzee akawaita warudi ndani. Mama mdogo aliamka shavuni ana alama ya mshono wa koti la Tía. Alipomwona anayetangulia mlangoni ni Elwood Mendenhall, kofia mkononi, uso wake ulifungwa kama duka. Aliinama akavaa viatu, akafunga kamba kimoja, akafunga cha pili, na nikamwona akiunyanyua tena ule mzigo alioutua. Kama kuna adhabu zaidi ya hiyo, mwalimu wangu wa bweni hajaivumbua.

Tukakaa. Mtu alikuwa ameshafungua madirisha, na baridi ya Machi ikaingia ikamwamsha kila aliyebaki.

"Elwood," Winifred akasema, na nilisikia uchovu wa miaka yote ukimrudia kooni. "Una neno?"

Mzee akasimama. Kimya kikawa kile cha zamani, cha mabega juu.

"Nilikuwa macho," akasema. "Wakati unasoma, Winifred, nilikuwa macho." Akatazama kofia yake. "Siafiki. Nisiwadanganye. Sijafika huko mliko, na huenda nikafa sijafika. Lakini nimetafuta nguvu ya kuendelea kusimama njiani, sina. Nasimama kando, silizuii tena. Liandike jina langu, liandike kwamba nimesimama kando. Mpeni kazi yake."

Tía alikuwa ameukamata mkono wa mama mdogo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mama mdogo alimtazama yule mzee, akamwinamishia kichwa mara moja, kama jirani anavyomsalimu jirani ng'ambo ya ua.

Winifred akavaa miwani, akavua. "Nitaandika. Asante, Elwood. Lakini azimio lilikuwa limeshapita. Kwa nini umeturudisha?"

"Hilo," mzee akasema, akikaa chini kwa kishindo kidogo cha magoti, "muulizeni mpishi."

Vichwa vikageuka, benchi baada ya benchi. Miezi yote niliyokaa katika nyumba ile nikitafuta namna ya kutazamwa, na sasa nikatamani bomba la joto linimeze. Nikasimama, nikashika benchi la mbele.

"Marafiki," nikaanza, "ijulikane kwa wote waliokusanyika hapa—"

"Tamsin," mama mdogo akasema, bila ukali wowote. Alikuwa amechoka tu. "Sema tu."

Basi nikasema tu.

"Hakikuwa kimya kikuu. Mlilala. Kahawa ilikuwa ya makopo ya kijani, nimemimina yote, na joto nimelipandisha mimi. Nilitaka mzee Elwood alale, akawa yeye ndiye aliyebaki macho. Mama mdogo, uliniambia walitulia pamoja nawe, nami nilijua ni mimi niliyewatuliza, nikanyamaza. Naomba radhi kwenu wote, na kwako kuliko wote. Winifred, tafadhali waulize tena. Sasa wako macho."